Kontena inaijua ruta lakini haifiki huko

Ndugu wataalamu, salaam.

Ninatunza seva ya shule moja ya sekondari hapa Morogoro. Inaendesha mfumo wa Debian Linux, na ndani yake kuna kontena za LXC (mifumo midogo iliyotengwa, kila mmoja kama kompyuta yake) zilizounganishwa na mtandao wa shule kupitia daraja la br0, yaani swichi ya kiprogramu ndani ya seva. Moja ina maktaba ya kidijitali ambayo kidato cha nne wanaitegemea kujiandaa na mtihani wa taifa, ndiyo maana jambo hili linaninyima raha. Zote zilikwenda vizuri mpaka fundi mwenzangu alipoweka Docker, programu nyingine ya kuendesha kontena, kwenye seva hiyohiyo.

Tangu hapo seva yenyewe inapata intaneti, kontena inaipata seva, lakini haivuki hapo. Hata kontena mbili za daraja moja hazipatani. Cha ajabu, jedwali la ARP ndani ya kontena (orodha inayooanisha anwani za IP na anwani za MAC za vifaa) linaonyesha anwani ya MAC ya ruta, kwa hiyo kebo, swichi na daraja ni vizima. Nikichungulia kwa tcpdump, zana ya kutazama pakiti zinazopita, pakiti za ping naziona kwenye veth ya kontena (kadi pepe inayoiunganisha na daraja), ila kwenye kadi ya mtandao ya seva haitoki hata moja.

Nilipochimba nikakuta moduli ya br_netfilter (inayopeleka pakiti za darajani kwenye iptables, kichujio cha pakiti cha Linux) imepakiwa, mpangilio wake net.bridge.bridge-nf-call-iptables ni 1, yaani umewashwa, na sera ya FORWARD, ya pakiti zinazopita tu kwenye seva, ni DROP, yaani zitupwe, ambayo Docker huiweka tangu toleo la 1.13. Yaani pakiti za darajani sasa zinapitishwa kwenye iptables, hazina sheria ya kuziruhusu, zinatupwa. ARP inapona kwa kuwa iptables haiigusi. Nikaweka mpangilio huo kuwa 0, mtandao ukarudi papo hapo.

Lakini hata nikiandika 0 kwenye sysctl.conf, faili la mipangilio linalosomwa seva ikiwaka, seva ikiwashwa upya nakuta 1. Nahisi faili hilo linasomwa kabla moduli haijapakiwa.

Naomba ushauri. Niipakie moduli mapema kupitia /etc/modules ili 0 idumu? Nasita, maana mpangilio huo unagusa madaraja yote, la Docker likiwemo. Au niache 1, niongeze sheria kwenye DOCKER-USER (sehemu ya iptables ambayo Docker huiachia mtumiaji) ya kuruhusu pakiti za kutoka br0 kwenda br0? Mwenzangu anapendekeza Docker ihamie kwenye mashine pepe yake, lakini RAM ya seva ni GB 16 tu. Aliyewahi kuendesha LXC na Docker pamoja kwa muda mrefu, ni njia ipi imemtulia?

Fundi wa kompyuta,
Morogoro