Maji ya huko ndiyo yanayochoma majani

Tanga, 16 Februari 2025

Shoga yangu Mama Elia,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwenu.

Picha uliyonitumia ukiuliza kwa nini ncha za majani zinakauka nimeiona. Mmea wako wa buibui hauna ugonjwa wala wadudu. Majani yana afya, ule mstari mweupe wa katikati umekolea. Ni ncha tu zilizokauka. Hayo ni maji, shoga. Maji ya huko kwenu Usa River, Arusha, yamepita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, yanatoka na madini ya floraidi, yale yale yanayowatia watoto wa huko ukahawia kwenye meno. Mmea ukiyanywa, maji yanatokea majanini kama mvuke, floraidi inabaki na kujikusanya nchani mpaka panaungua.

Najua umeshauriwa kuyalaza maji kwenye ndoo usiku kucha. Hiyo inaondoa klorini, ile dawa ya kutibu maji. Floraidi haiendi popote. Ukichemsha ndiyo unaikoleza, maana maji yanapungua, yenyewe imebaki pale pale.

Kinga maji ya mvua. Masika hayo yanakuja: mvua ya kwanza iache ioshe vumbi la bati, kisha tega pipa. Mwagilia mpaka maji yatoke chini ya chungu, halafu usirudie mpaka udongo wa juu ukauke. Usiuonee huruma. Una mizizi minene myeupe kama vimihogo, humo ndimo unamoweka akiba. Ni mmea wa Afrika hii hii, kiangazi unakijua. Kinachouua ndani ya nyumba mara nyingi ni maji kutuama na mizizi kuoza. Mbolea ya fosfeti nayo iache, ina floraidi. Samadi kidogo iliyooza inatosha.

Ncha zilizokauka hazirudi kuwa kijani. Zipunguze kwa mkasi, ubakize uzi mwembamba wa ule ukavu, usiguse penye uhai. Na kitoto kimoja kinachoning'inia, chenye vijizizi, kipandikize kwenye kikopo kabla hujakitenga na mama yake. Kikishika ndipo ukate. Hicho kilee kwa maji ya mvua tangu mwanzo.

Maji hayo hayo ya mvua, ukishayachemsha, mpe na Elia anywe. Meno yake ya ukubwani yanajengeka sasa hivi ndani ya ufizi, na floraidi ikizidi huyaharibu kabla hayajaota. Hilo nakusihi usilichelewe.

Msalimie baba watoto.

Akupendaye,
Mwanaidi