Risala kwa Mgeni Rasmi: Jiwe la Pili Pale Lugalo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wageni waalikwa, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana, kamwene!

Sisi wanachama wa Klabu ya Historia tunakushukuru kwa kukubali kuja kwetu leo. Tunajua ulikuja kwa barabara kuu ya kutoka Morogoro, na bila shaka umepita Lugalo, kijiji cha hapa Iringa. Mnara wa pale uko karibu na lami, lakini mabasi hupita kwa kasi na abiria wengi huwa wamelala. Tulipomuuliza konda mmoja ni mnara wa nini, alijibu, "Kaburi la Mzungu."

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, konda yule hakukosea sana. Mnara ule ulijengwa na Wajerumani kuwakumbuka watu wao. Mkubwa wao alikuwa Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo. Kabla ya kufika huku alikuwa Pangani mwaka 1888, na ukali wake kule ulichangia kuwasha vita vya Abushiri, vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani. Mwaka 1891 aliingia Uhehe, nchi ya Wahehe, na jeshi lake, akichoma nyumba njiani. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti msafara wake ulikuwa umejipanga mstari mrefu, mtu nyuma ya mtu, nao mashujaa wa Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walikuwa wamejilaza kwenye nyasi na nyuma ya mawe. Walipoinuka, askari wengi hawakuwahi hata kujaza risasi. Nyundo aliuawa, na pamoja naye Wazungu wengine tisa na askari zaidi ya 200, wengi wao wakiwa Wasudani na watu wa kusini waliokodiwa mbali na kwao. Bunduki zao zilibaki mikononi mwa Wahehe.

Ushindi huo ndio uliolipa jina kambi ya jeshi ya Lugalo, Dar es Salaam. Hata hivyo, ndugu zetu wanaokwenda kutibiwa kila siku katika hospitali ya kambi hiyo wengi hawajui kwamba Lugalo ni kijiji cha huku kwetu.

Klabu yetu ilifuata pia alama nyingine. Kalenga tuliona mahali ilipokuwa ngome ya Mkwawa iliyobomolewa na Wajerumani kwa mizinga tarehe 30 Oktoba 1894. Tuliingia katika makumbusho na kusimama mbele ya fuvu la Mtwa, na hakuna aliyezungumza kwa muda mrefu. Tulikwenda hadi Mlambalasi, ambako tarehe 19 Julai 1898 alijipiga risasi kuliko kukamatwa, baada ya miaka minne ya kuwindwa porini huku Wajerumani wakiahidi rupia 5,000 kwa atakayempata. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia, katika kifungu cha 246, uliagiza kirudishwe ndani ya miezi sita. Kilirudi mwaka 1954, Gavana Twining wa Uingereza alipomkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, pale pale Kalenga. Miaka 35, Mheshimiwa, kwa kazi ya miezi sita!

Kwa hiyo Mtwa ana kaburi na ana makumbusho, na Nyundo ana mnara wake. Siku tuliyokuwa Lugalo, bibi mmoja aliyekuwa akitoka shambani alisimama akatuangalia tukinakili maandishi, kisha akatuuliza: "Na wa kwetu waliokufa hapa, wameandikwa wapi?" Tulikosa jibu, na swali hilo ndilo lililotufanya tuandike risala hii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatuombi mnara wa Wajerumani uondolewe. Ubaki, kwa sababu nao ni ushahidi. Tunaomba utusaidie lisimamishwe jiwe la pili kando yake, lenye maandishi ya Kiswahili na Kihehe, linaloeleza nani alishambuliwa katika nchi yake na nani aliilinda. Tunaomba pia kibao kikubwa barabarani, pande zote mbili, ambacho abiria wa basi anaweza kukisoma bila basi kusimama.

Ombi letu la mwisho ni usafiri na kinasa sauti. Wapo wazee katika vijiji vya jirani waliosimuliwa vita hivi na babu zao, na baadhi yao bado wanataja majina ya waliokuwa kwenye nyasi asubuhi ile. Mwaka huu tumeshazika wawili kabla hatujawafikia. Majina tutakayoyakusanya ndiyo tunayotaka yachongwe kwenye jiwe hilo, na bibi yule tumeshamwahidi kwamba atakuwa wa kwanza kusomewa.

Naomba kuwasilisha.