Ada ibaki Ulaya, fagia ije Gikomba?

Mhariri,

Mvua ikinyesha na Mto Nairobi ukafura, sisi wa soko la mitumba la Gikomba hujua lawama zinakuja. Zitapigwa picha za matambara yaliyonasa kingoni, kisha atasimama mtu aseme mitumba ipigwe marufuku. Mimi ni fundi cherehani na kibanda changu hakiko mbali na mto huo. Matambara yapo, sikatai, na vipande vingine vimetoka mezani pangu. Ila naomba nafasi nieleze yanakotoka.

Robota, yaani furushi kubwa la mitumba, likifunguliwa, wa kwanza huchagua kamera, yaani nguo safi zisizo na dosari. Za kadiri huchukuliwa na wanaofuata. Zinazobaki chini ndizo fagia, na jina linajieleza. Mchuuzi hununua robota likiwa limefungwa. Asipokata kamba hajui amenunua nini, na akikuta fagia tupu hana wa kumrudishia. Nilipoanza kazi hata fagia ilikuwa na mwenyewe: fulana za pamba zilikatwa matambara ya gereji, sweta zikafumuliwa uzi. Siku hizi nyingi ni poliesta nyepesi. Haifyonzi kama pamba, makanika haitaki.

Kuijua si kazi. Navuta uzi mmoja nauwasha kwa kiberiti. Wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Wa poliesta hujikunja, ukayeyuka, ukaacha kidonge kigumu chenye harufu ya plastiki, maana ni plastiki kweli, imetokana na mafuta ya petroli. Zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani sasa ni hizo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na tukafurahi. Plastiki ileile inaendelea kuingia, safari hii ina vifungo na zipu. Haiozi, humeguka ikawa vinyuzi visivyoonekana kwa macho. Mto Nairobi nao humwaga Athi, Athi ikaitwa Galana, Galana ikaitwa Sabaki, hadi baharini karibu na Malindi.

Kinachoniuma kama fundi ni mshono. Gauni la zamani liliachiwa ziada ndani. Mwenyewe akinenepa, nafumua, napanua, anaondoka nalo. Haya ya sasa yamepigwa ovaloki, ule mshono wa mashine wa kuzuia ukingo usifumuke, pembeni kabisa, sina pa kushika, na ukilazimisha, kitambaa kinaachia palepale sindano inapopita. Mteja akiuliza bei ya kurekebisha anacheka, kwa sababu kwa pesa hizo anapata blauzi nyingine pale nje. Nguo imeshonwa ili itupwe, na hilo lilipangwa mbali sana na hapa.

Marufuku tumeshaiona. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuachana na mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatikisa fimbo ya AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila kodi, wengine tukarudi nyuma. Rwanda ilishikilia ushuru wake, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafasi ya kuingia Marekani bila kodi. Hata tungefaulu, nguo mpya za poliesta za bei ya kutupa zingeziba pengo. Mto haubagui mpya na kuukuu.

Kwa nini basi tusifuate pesa? Nchini Ufaransa, tangu 2007, anayeingiza nguo sokoni huwajibika kulipia mwisho wake, na ada hiyo hugharimia kuzikusanya na kuzichambua. Mwaka 2025 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuzitaka nchi zote wanachama zifanye vivyo hivyo. Jambo jema. Lakini nguo hiyo ikipakiwa kuja Mombasa, ada inabaki kulekule. Huku kwetu Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka mzalishaji abebe mzigo wa taka zake. Mzigo wa mitumba nahofia utamwangukia mwagizaji, naye amsukumie mama mwenye meza, wakati aliyebuni nguo ya msimu mmoja hata hatumjui. Serikali yetu idai ada isafiri na robota, na fagia ichambuliwe kabla ya kupakiwa melini, si baada ya kushushwa. Tena iharakishe: tangu Januari 2025 nchi za Umoja huo zinatakiwa kukusanya nguo kuukuu kando na taka nyingine, na sioni zitakwenda wapi kama si huku.

Nanyi wanunuzi, kabla ya kulipa geuzeni nguo ndani nje. Kama mshono hauna ziada, iacheni mezani, hata ikiwa ya shilingi hamsini.

Mhariri, mtume mwandishi wako Gikomba siku ya kufungua marobota, afike kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Akishaona kamera zikigombaniwa, asiondoke. Asubiri jioni, fagia inapobebwa, nami nitamwonyesha kijia cha kuteremkia mtoni.

Fundi Cherehani,
Gikomba, Nairobi