Mheshimiwa Waziri, naomba ufupishe ule waya wa jagi la umeme

Mheshimiwa Waziri wa Viwanda na Biashara, salaam.

Najua habari za watoto walioungua huwa zinapelekwa kwa mwenzako wa Afya, ila mi nimekuandikia wewe makusudi kabisa. Yeye anawapokea wakishaungua, wewe ndo mwenye mamlaka juu ya kitu kabla hakijafika dukani, kwahiyo kwa hili wewe uko karibu zaidi na mwanangu kuliko daktari yeyote.

Nianze na yaliyonikuta ili ujue naongea kutoka wapi. Mwanangu alikuwa na miezi 14, ndo kwanza ana wiki mbili tangu aanze kutembea. Nimechemsha maji kwenye jagi la umeme, wengine wanaita birika, nikalisukuma nyuma mpaka likagusa ukuta nikajua hapo halifikii. Tatizo waya ni mrefu, soketi iko pale pale pembeni, basi waya uliozidi ukashuka mbele ya kaunta ukafanya kitanzi, na mtoto anayejifunza kutembea kila kinachoning'inia kwake ni cha kujishikilia. Mi nipo hatua tatu tu, nasuuza kikombe. Sikusikia akivuta, nilichosikia ni mfuniko kugonga sakafu halafu kimya kidogo, kile kimya mtoto anachovuta pumzi kabla hajalia. Nikamvua fulana haraka haraka na kipande cha ngozi ya bega kikaja na fulana. Baadaye ndo nikaambiwa nguo iliyoganda kwenye ngozi haivutwi, unakata kuizunguka na kuiacha.

Jirani akaja mbio na dawa ya meno, tukampaka. Simlaumu hata kidogo, alikuja kwa upendo na mi mwenyewe nilikuwa namshikia tyubu. Hakuna mtu aliyewahi kutuambia kwamba pale kilichotakiwa ni maji ya bomba tu, ya baridi ya kawaida na sio barafu, yapite juu ya kidonda dakika 20 nzima huku mwili uliobaki umefunikwa asishikwe na baridi, na kwamba hata ukichelewa bado yanasaidia ndani ya masaa 3 ya kwanza. Dakika 20 ni ndefu sana mtoto akiwa analia, ndo maana inabidi mtu awe ameshajua kabla. Hiyo sentensi moja ingeweza kuchapwa kwenye boksi la kila jagi, pembeni ya picha ya mtoto na waya. Boksi letu lilikuwa na picha ya vikombe.

Kule wodini (sitaji hospitali, walituhudumia vizuri) kila mama aliyeingia aliulizwa swali lile lile, ulikuwa wapi? Mheshimiwa, tulikuwa hapo hapo. Wale niliokaa nao wote walikuwa ndani ya nyumba, wengi jikoni kabisa, mmoja alikuwa ameshika sufuria mkononi. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi ya mtu mzima kwa kina ndani ya sekunde kama 5, mtoto hata hizo 5 hafiki maana ngozi yake ni nyembamba, na jagi lililotoka kuchemka liko juu sana ya hapo. Hakuna mzazi mwenye mbio za namna hiyo. Kwahiyo kampeni za "wazazi kuweni makini" mi nazisikia kama kutupiwa mzigo ambao miguu yetu haiwezi kuubeba.

Na kovu halikui na mtoto, hili watu wengi hawalijui. Mtoto anarefuka, kovu linabaki pale pale linamvuta bega, anarudishwa tena kwa upasuaji, akikua tena anarudishwa tena. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama 180,000 wanakufa kwa kuungua kila mwaka, wengi kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, na hapo hujahesabu hawa wanaopona halafu wanaishi na nguo ya kubana kovu karibu siku nzima, inavuliwa wakati wa kuoga tu.

Sasa mtu asikwambie vifaa haviwezi kubadilishwa. Kule Marekani watafiti waligundua mtoto wa miezi 17 anaweza kuwasha maikrowevu, akafungua mlango na kutoa kilichomo, wakapambana miaka mpaka kiwango cha usalama kikabadilishwa, na tangu 2023 maikrowevu mpya za kule mlango unatakiwa ufunguke kwa vitendo 2, sio kuvuta tu. Kuna lile jiko la kusimama lenye oveni, mtoto akipanda juu ya mlango wa oveni uliofunguliwa jiko zima linamwinamia na masufuria yake, kule tangu 1991 linakuja na kishikizo cha kulifunga ukutani au sakafuni. Yaani ni kipande cha chuma na skrubu, basi.

Ninachoomba ndo hicho hicho. Waya wa jagi uwe mfupi au wa kujiviringisha, na mfuniko ujifunge wenyewe jagi likianguka. Mlango wa maikrowevu kama nilivyosema. Kishikizo kiwemo ndani ya boksi la jiko na fundi asiondoke hajakifunga. Na majiko madogo yanayowekwa chini sakafuni yasisahaulike, yawe na kitako kipana na kizuizi pembeni, maana hapo mtoto hahitaji hata waya, anajikwaa tu. Sisi nyumbani la kwetu tunafanya, mikono ya sufuria inageuzwa ndani, tunapikia mafiga ya nyuma, tumebandika tepu sakafuni mita 1 kutoka kwenye jiko na mwanangu anajua hapo havuki, sipiki tena nikiwa nimembeba. Ila miezi 14 hajui tepu ni nini.

Tuliporudi nyumbani nilichukua futi nikapima. Kaunta ina sentimita 90, kitanzi cha waya kilikuwa kimeshuka mpaka sentimita 50 kutoka sakafuni, usawa wa kifua chake. Naomba ofisi yako inijibu kitu kimoja: waya wa jagi la umeme linaloruhusiwa kuuzwa unatakiwa usizidi sentimita ngapi? Na kama hakuna kipimo kilichowekwa, kitawekwa lini?

Wako,
Mama wa mtoto wa miezi 14, sasa ana miaka 4