Kitunguu saumu kibichi si dawa ya kidonda ndugu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mimea na bakteria sugu nimeisoma nikiwa ndiyo kwanza nimetoka zamu. Nimefurahi mmeligusa jambo hili, maana mwaka wa kumi na tisa huu nafunga vidonda. Lakini sentensi moja imeninyima raha, ile inayosema kitunguu saumu huwaua bakteria waliowashinda madaktari. Kuna watu wataisoma, wainuke, waende kuponda.

Najua, kwa sababu nimewahudumia. Bibi mmoja mwenye kisukari alikuja na kidonda ndugu cha kisigino, cha miezi saba. Nilipofungua kitambaa nikakuta kitunguu saumu kilichopondwa, kimelala humo tangu jioni iliyotangulia. Ngozi ya pembeni ilikuwa imetoka malengelenge kama ya mtu aliyemwagikiwa maji ya moto. Kisukari kimemtia ganzi miguuni, kwa hiyo hakuhisi kuungua. Kidonda chenyewe kilikuwa vilevile: utando unaoteleza, shashi imelowa rangi ya kijani, na ile harufu tamutamu ambayo sisi wa chumba cha vidonda huitambua kabla bandeji haijaisha kufunguliwa. Nikamwambia, "Pole Bibi, umeungua bure." Akanijibu, "Si wamesema kinaua vijidudu, mwanangu?"

Kinaua kweli, maabara, bakteria wakiwa wanaelea mmoja mmoja. Katika kidonda cha siku nyingi hawaelei. Wamejishikiza, wamejifunika ute wanaoutoa wenyewe, na chini kabisa wapo waliolala, hawakui wala hawagawanyiki, ilhali antibiotiki nyingi humpata bakteria akiwa kazini. Dozi inayomuua anayeelea inaweza kuongezwa mara mia, hata mara elfu, na aliyejificha kwenye utando asife. Antonie van Leeuwenhoek, Mholanzi aliyejitengenezea hadubini, aliliona jambo hili katika miaka ya 1680. Alisafisha meno yake kwa siki, kisha akautazama ukoga wake kwa hadubini. Waliokufa ni wale wa juu tu. Siki haikupenya mpaka ndani.

Hata hivyo, simo katika kundi la wanaoibeza mimea. Thamani yake kubwa, kwa ninavyoona, haiko katika kuua. Bakteria hutoa kemikali za kuitana. Zikishakuwa nyingi wanajua wametosha, ndipo wanaanza kufanya kwa pamoja yale ambayo mmoja hayawezi. Ajoini, inayotokana na kitunguu saumu hichohicho, huvuruga mwito huo kwa Pseudomonas aeruginosa, bakteria wa ile shashi ya kijani. Mwito ukivurugika, anapunguza kutengeneza sumu anayoitumia kuziua chembe nyeupe za damu zinazomjia. Hajafa, ila amenyang'anywa silaha, na mwili unapata nafasi ya kumkabili. Tena kisichomuua hakimlazimishi sana kujenga usugu, na hilo kwangu ni jambo zito, kwa kuwa kila mwaka naona dawa tulizozitegemea zikigonga mwamba.

Lakini ajoini iliyochujwa na kupimwa si sawa na punje iliyotwangwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham waliifufua dawa ya macho ya Uingereza ya karne ya 10, yenye kitunguu saumu, kitunguu kingine, divai na nyongo ya ng'ombe, vikaachwa pamoja siku tisa. Mwaka 2015 wakaeleza kwamba mchanganyiko huo unaua Staphylococcus aureus sugu, bakteria mwingine wa vidonda. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2020, ulionyesha kuwa kwa bakteria walio kwenye utando kitunguu saumu peke yake hakikutosha. Mchanganyiko ulihitajika wote.

Na kuna jambo ambalo makala yenu haikuligusa hata kwa neno moja: kukwangua. Nyama mfu na ute lazima viondolewe kwa mkono, kwa kijiko cha kukwangulia au kwa kisu, kidonda kioshwe, ndipo dawa iguse kitu. Baada ya hapo utando huanza kujijenga upya ndani ya siku mbili tatu. Katika siku hizo chache bakteria hawajajipanga, wala hawajajifunika vya kutosha. Hapo ndipo ningependa siku moja nipewe jeli au bandeji yenye kiini cha mmea kilichopimwa, kinachojulikana kwamba hakiunguzi ngozi mpya.

Kwa hiyo, mkiandika tena kwamba mmea fulani umewashinda bakteria, ulizeni kwanza: walikuwa wanaelea au walikuwa kwenye utando? Utando wa saa chache au uliokomaa? Kiasi gani kilitumika, na seli za mtu zilikistahimili? Majibu hayo yakikosekana, andikeni kwamba ni jambo la maabara bado, na muwaambie wasomaji wasipake chochote kibichi kwenye kidonda.

Naomba pia mrekebishe sentensi ile. Bibi yule bado anakuja kwangu kila Jumanne na Ijumaa. Malengelenge yamekauka, na kidonda kimeanza kuota nyama nyekundu pembeni. Haoni vizuri, lakini gazeti lenu husomewa na mjukuu wake, na huliamini.

Muuguzi wa vidonda