Barua kwa Ezekia, muuza matangi wa Makambako

Iganzo, Mbeya
21 Juni 2025

Ndugu yangu Ezekia,

Kamwene. Natumaini barua hii inakukuta mzima pamoja na Mama Upendo na watoto. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Asubuhi maji ya bomba yanauma vidole, na wanafunzi wangu wa kidato cha tano hawatoi mikono mifukoni hata nikiwaambia waandike. Mahindi tumevuna. Bei yake sitaki hata kuizungumzia.

Siku ile kwenye simu uliniuliza swali huku ukicheka, na salio likaisha kabla sijajibu. Ulisema, "Mwalimu, wewe unafundisha mambo ya nyota, mimi nauza simtank. Matangi yangu yameingiaje huko mbinguni?" Nimeona bora nikujibu kwa kalamu. Jambo lenyewe ni refu, na kwa simu wewe humwachi mtu amalize.

Nianze na matangi, maana ndiyo mkate wako. Magharibi mwa Argentina, karibu na mji wa Malargüe, kuna uwanda mkavu ulio chini ya milima ya Andes, mwinuko wake kama mita 1,400, yaani chini kidogo ya hapa Mbeya mjini. Humo wametawanya matangi ya plastiki yapatayo 1,660. Kila moja limejazwa maji lita 12,000. Ni mapana na mafupi: kipenyo mita 3.6, kina cha maji mita 1.2 tu. Kila tangi limesimama peke yake porini, kilomita 1.5 kutoka kwa mwenzake, na juu yake lina paneli za sola, antena ya redio na kipokezi cha GPS. Umeme linaokula ni wati 10 hivi. Ukijumlisha eneo lote unapata kilomita za mraba 3,000. Hifadhi ya Kitulo unayoijua wewe, pamoja na maua yake yote, ina kilomita za mraba kama 413, kwa hiyo zidisha Kitulo mara saba na bado una chenji. Ardhi ni ya wafugaji, nao wanaendelea kuchunga humohumo. Mahali hapo panaitwa Kituo cha Pierre Auger, na kazi yake ni kunasa chembe zinazotupiga kutoka angani. Kilianza kukusanya data mwaka 2004, ujenzi ukakamilika 2008.

Najua swali lako linalofuata: mbona maji hayaoti ukijani? Kwa sababu yamesafishwa mpaka hayana chochote cha kulisha kiumbe, kisha yakafungwa gizani ndani ya mfuko ambao upande wake wa ndani ni mweupe ili urudishe mwanga. Walipanga maji hayo yakae miaka 20 bila kubadilishwa. Hakuna bomba la kuingiza wala koki ya kutolea. Kwa fundi bomba, huo ni msiba.

Ndani ya kila tangi, juu ya maji, kuna macho matatu ya umeme yanayotazama chini. Yanaitwa fotomaltiplaya, na yanaweza kuona mwanga hafifu ajabu. Mwanga wenyewe unatoka kwenye maji. Ndani ya maji, nuru hupunguza mwendo hadi robo tatu hivi ya mwendo wake wa kawaida. Chembe ndogo ikipita humo kwa kasi kuliko nuru ya humo ndani, inaacha mmweko wa buluu. Mrusi Pavel Cherenkov alipata tuzo ya Nobeli mwaka 1958 kwa kazi ya kuugundua mwanga huo, na ndiyo maana unaitwa kwa jina lake.

Sasa chembe zenyewe zinatoka wapi? Mwaka 1912 Victor Hess wa Austria alipanda puto hadi zaidi ya mita 5,000 akiwa na vipima-mionzi. Watu walidhani mionzi yote inatoka ardhini, kwa hiyo ukipanda ingepungua. Ikaongezeka. Kumbe kuna kitu kinatupiga kutoka juu, usiku na mchana. Sehemu kubwa ni protoni, yaani viini vya atomu nyepesi kabisa, pamoja na viini vya atomu nzito zaidi, vinavyokimbia karibu sawa na nuru. Kimoja kikigonga hewa huko juu kinavunja kiini cha hewa, vipande vinagonga viini vingine, navyo vinaleta vipande vingine, mpaka chembe moja imekuwa mabilioni na inateremka pamoja ikiwa imeenea kilomita kadhaa. Pierre Auger, Mfaransa, ndiye aliyeonyesha ukubwa wa jambo hili mwaka 1938. Aliweka vihesabio vya chembe kwenye milima ya Alps, akawa anavitenganisha taratibu, mpaka mita 300, na bado vilikuwa vinalia kwa pamoja kuliko bahati inavyoruhusu. Kutokana na hapo tu akakadiria kwamba chembe mama, ile ya kwanza iliyogonga hewa, ilikuwa na nishati ya elektroni-volti (kipimo cha nishati ya chembe) 1 yenye sifuri 15. Zama zile hakuna mashine iliyokuwa imekaribia hata kivuli cha namba hiyo.

Utaniuliza kwa nini wasitumie setilaiti wakaikamata chembe mama yenyewe kabla haijavunjika. Zile ndogo wanazikamata hivyo. Ila zile kubwa kabisa, zenye nishati ya sifuri 20, zinaangukia kilomita moja ya mraba mara moja kwa karne, au hata chini ya hapo. Ukirusha chombo chenye mita moja ya mraba utasubiri miaka milioni mia. Ndiyo maana wameamua kuitumia hewa yenyewe, kisha wakatandaza matangi chini kusubiri masalia. Hapa ndipo biashara yako ilipoingia mbinguni.

Kitu kilichonifanya nilipende jambo hili si matangi wala sifuri nyingi. Ni saa. Unakumbuka tulipokuwa tunakaa kwa mzee Mwandenga kule Isanga, mvua ya Machi ikitoka upande wa mlima Loleza? Kabla haijatufikia tulikuwa tunaisikia kwenye mabati ya jirani wa juu, halafu bati la kanisa, halafu letu. Hata ungefumba macho ungejua imetoka wapi, kwa kusikiliza bati lipi limelia kwanza. Wale wa Malargüe wanafanya hivyohivyo kwa chembe. Zinashuka pamoja katika bapa moja pana na jembamba. Zikija wima kabisa, matangi yote yanatoa mmweko kwa wakati mmoja. Zikija kwa mshazari, moja linatangulia.

Nimelifanya ubaoni na kidato cha tano. Matangi mawili, mita 1,500 kati yake. Nuru inapita umbali huo kwa mikrosekunde 5, yaani sehemu 5 za milioni za sekunde. Nikawaambia: tangi la mashariki limetoa mmweko mikrosekunde 2.5 kabla ya la magharibi. Chembe imetoka wapi? Kimya. Halafu binti mmoja wa kutoka Tukuyu, ambaye kwa kawaida haongei, akasema, "Mwalimu, 2.5 kwa 5 ni nusu, na sine ya nyuzi 30 ni nusu." Basi. Imetoka upande wa mashariki, nyuzi 30 kutoka utosini. Darasa zima likawa linamwangalia yeye badala ya ubao. Kwa vitendo unahitaji tangi la tatu lisilo kwenye mstari mmoja na hayo mawili ili upate mwelekeo kamili, na hapo ndipo GPS inapofanya kazi, kuzifanya saa zote zikubaliane. Ukubwa wa mmweko nao, tangi hadi tangi, unakupa nishati ya chembe mama. Mama mwenyewe hukumwona kabisa. Alishakufa kilomita nyingi juu ya kichwa chako.

Magazeti yanapenda zile za rekodi, nami sitakunyima. Usiku wa tarehe 15 Oktoba 1991, kituo cha Fly's Eye kule Utah, Marekani, kilinasa moja yenye elektroni-volti 320 zikifuatiwa na sifuri 18. Hiyo ni zaidi ya mara milioni 40 ya nishati ya protoni katika ile mashine kubwa ya CERN, maabara ya Ulaya ya kugonganisha chembe, yenye njia ya mviringo ya kilomita 27. Wao hawakutumia matangi. Walitazama mng'ao hafifu wa naitrojeni hewani kwa vioo. Malargüe pia wana darubini za namna hiyo, 27, zinazotazama juu ya matangi, ila zinafanya kazi usiku usio na mbalamwezi wala mawingu. Tangi halijali mawingu. Tarehe 27 Mei 2021, Utah hukohuko, kituo kingine kiitwacho Telescope Array kilinasa moja ya elektroni-volti 240 na sifuri 18. Wajapani wakaiita Amaterasu, jina la mungu wao wa jua. Ukifuata njia yake kurudi nyuma unafika sehemu ya ulimwengu ambako karibu hakuna galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota kama hili letu. Mimi naona hiyo inasumbua kuliko rekodi yenyewe. Kitu chenye nguvu namna ile kimetokaje mahali patupu? Labda sumaku za angani ziliipinda njiani. Chembe hizi zina chaji ya umeme, haziendi mstari ulionyooka.

Kwa sababu ya kupindwa huko, hakuna anayejua kwa jina kitu kinachozitupa. Mashimo meusi makubwa katikati ya galaksi yanatajwa sana. Walau mwaka 2017 watu wa Auger walionyesha kwamba chembe zilizozidi elektroni-volti 8 na sifuri 18 zinakuja kwa wingi kidogo upande mmoja wa anga, na upande huo si kitovu cha galaksi yetu. Maana yake zinatoka nje ya galaksi. Ilibidi wakusanye zaidi ya 30,000 ndipo waseme hivyo. Ubishi wa namna hiyo naupenda: miaka zaidi ya kumi ya kunyamaza, halafu sentensi moja.

Na bado hesabu hazijakaa sawa. Katika manyunyu haya, yaani yale mabilioni ya chembe yanayoteremka pamoja, kuna chembe ziitwazo muoni, wagumu wasiozuilika kirahisi, wanaopita kwenye paa, kwenye mtu, hata kwenye mwamba. Matangi yanahesabu muoni wengi kuliko programu za kompyuta zinavyotabiri. Ama hatujui vizuri chembe zinavyogongana kwenye nishati hizo, ama kuna kitu kingine. Wameongeza vitambuzi vya bapa juu ya matangi ili kuwatenganisha muoni na elektroni. Tusubiri.

Usidhani Afrika tumelala. Namibia, kwenye nyanda za Khomas, mwinuko wa mita 1,800, kuna darubini za H.E.S.S. tangu miaka ya 2000 mwanzoni, zinazonasa mwanga wa Cherenkov ambao manyunyu yanauacha hewani. Ila mtu asije akapendekeza matangi Kitulo akategemea kura yangu. Yale maua yaachwe.

Huku kwetu tumefanya kadogo. Tuna mirija miwili ya Geiger ya maabara, ile inayolia chembe ya mionzi ikiipita, na fundi redio mmoja wa Mwanjelwa ametutengenezea kisakiti kinachohesabu pale tu mirija yote miwili inapolia kwa pamoja. Betri ni ya bodaboda, maana umeme nao una mambo yake. Ukiweka mrija mmoja juu ya mwenzake, vinalia: ni muoni amepita kwenye yote miwili. Ukivilaza vikatazama upande wa Loleza, mlio unapungua mpaka wanafunzi wanadhani kimeharibika. Hakijaharibika. Muoni wanaokuja kwa ubavu wana hewa nyingi mno ya kupita, na mlima ndio huo mbele yao.

Sasa shida yangu, kwa sababu hukudhani nakuandikia bure. Chuo kimoja kimeniahidi fotomaltiplaya moja ya zamani. Nataka tangi, lita 500 zinatosha, jeusi, nene, lisilopenyeza mwanga hata kidogo. Tatizo langu ni mfuniko. Mifuniko mingi niliyoiona madukani hapa inacheza, na mwanga ukiingia hata kwa upenyo wa sindano kazi imekwisha. Nakuomba uyapime ya kwako: usiku, zima taa za duka, washa tochi ndani ya tangi, funga, kisha zunguka uone linavuja wapi. Lile ambalo halionyeshi kitu ndilo langu. Kama lina mkwaruzo nje na wateja wamelikataa, zuri zaidi, unapunguza bei.

Basi au Fuso lolote linalopita Makambako kuja huku litalibeba juu. Mama Upendo mwambie vitenge vyake viko tayari kwa fundi, bado kulipiwa tu. Na tafadhali usiniandikie bei kabla hujaniambia habari ya mfuniko.

Ndugu yako,
Mwalimu Sikujua