Mbozi ilishahama mkoa, fomu zenu bado

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaotengeneza fomu za mtandaoni. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Hapa Vwawa, makao makuu ya mkoa, nina steshenari, na kazi yangu kubwa ni kuwajazia watu maombi ya vyuo na ajira. Mpaka leo zipo fomu ambazo ukichagua Songwe, Mbozi, wilaya yetu, haitokei. Mpaka urudi Mbeya ndipo unaikuta. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akauliza, "Kwani mwanangu, sisi ni wa wapi?"

Ugonjwa naujua, maana nimejifunza kanzidata, yaani mifumo ya kuhifadhi taarifa kwenye kompyuta. Waliotengeneza wameandika mkoa, wilaya, kata na kijiji kwenye kila mstari wa jedwali. Mkoa ukigawanywa, inabidi kila kijiji kisahihishwe peke yake, na vingine vinasahaulika. Ingetosha kila eneo liwe na mstari mmoja, wenye namba yake na namba ya mzazi wake, yaani eneo kubwa lililo juu yake. Mbozi ikihamia Songwe unabadilisha namba moja tu. Kata na vijiji vyake haviguswi. Ukitaka vijiji vyote vya Songwe, unaanza na mkoa, unachukua watoto wake, halafu watoto wa hao, hadi waishe. Ulizo la kujirudia la namna hiyo limo kwenye viwango vya SQL, lugha ya kuulizia kanzidata, tangu 1999, na hata MySQL, programu ya kanzidata, inalo tangu toleo la 8 la mwaka 2018. Msitusingizie programu.

Tena ngazi hazilingani kila mahali. Mjini chini ya kata kuna mtaa, vijijini kuna kijiji kisha kitongoji, Zanzibar kuna shehia. Fomu inamlazimisha mtu wa mtaa ataje kitongoji, basi anaandika chochote ili asonge mbele.

Ila mzazi wa zamani msimfute. Aliyezaliwa Vwawa mwaka 2003, cheti chake kinasema Mbeya, na ni sahihi. Uhusiano huo uwekewe tarehe ya kuanza na ya kuisha, kisha mfumo uangalie mwaka wa kuzaliwa. Juzi kijana karudishiwa maombi kwa sababu cheti kinasema Mbeya na fomu inasema Songwe. Kaambiwa alete kiapo. Mkoa umehama wenyewe, wakili analipwa na yeye.

Mwenye steshenari,
Vwawa, Songwe